Kuchagua Sailensa ya Boti ya Kasi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Wanunuzi wengi huchagua sailensa kwa masikio. Muuzaji huwasha injini, mnunuzi husikiliza mngurumo, kisha bei hukubaliwa. Kwa gari, ununuzi wa namna hiyo huweza kumtia mtu hasara ndogo. Kwa boti ya kasi, huweza kumgharimu injini nzima na, katika hali mbaya zaidi, maisha ya abiria wake. Sababu ni kwamba bomba la moshi la boti halibebi moshi peke yake. Hubeba pia maji ya bahari, na mwisho wake huwa nyuma ya chombo, mahali ambapo watu hupenda kuketi, kuogelea na kupandia.

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya mwenye boti ya starehe, ya uvuvi wa michezo au ya kubeba watalii anayetaka kubadilisha sailensa. Yanamfaa pia anayekusudia kununua boti iliyokwisha kutumika, ambayo mwenye nayo wa kwanza huenda aliifanyia marekebisho. Hatupendekezi chapa yoyote. Tunaeleza kazi ya kifaa hiki, vipimo vya kuuliza, na maswali ambayo muuzaji mwaminifu hatasita kuyajibu.

Tambua kwanza aina ya injini

Boti nyingi za kasi katika mwambao wetu huendeshwa kwa mashine za nje, zile zinazofungwa kwenye ubao wa tezi. Katika mashine nyingi za aina hii, moshi hushuka ndani ya mguu wa mashine na kutokea chini ya maji, katikati ya rafadha, yaani lile panga linalosukuma boti. Maji yenyewe ndiyo hufifisha sauti. Mashine inapokwenda polepole, sehemu ya moshi hutokea katika tundu dogo lililo juu ya maji. Mfumo huo umepimwa na mtengenezaji, na kwa kawaida mwenye mashine ya nje hana sailensa ya kuchagua. Akishauriwa kutoboa mguu wa mashine ili “ipumue vizuri”, tunamshauri akatae. Atapata kelele, atapoteza dhamana ikiwa bado ipo, na hataongeza kasi inayostahili gharama hiyo.

Maelezo yanayofuata yanawahusu wenye injini za ndani, ziwe za petroli au za dizeli, pamoja na zile boti ambazo injini iko ndani lakini mguu wa rafadha uko nje. Boti za mbio zenye injini kubwa za petroli za silinda 8 huwa katika kundi hili.

Moshi na maji katika bomba moja

Injini ya ndani hupozwa kwa maji ya bahari. Pampu huyavuta, huyapitisha penye injini, kisha huyamwaga ndani ya bomba la moshi kupitia kiungo kinachoitwa kiwiko cha kuchanganyia. Moshi unapotoka kwenye silinda huwa na joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi. Maji huupoza kiasi cha kuuwezesha kupita katika bomba la mpira bila kuliunguza, na hapohapo hupunguza sauti. Mchanganyiko huo ndio unaopita katika sailensa na kumwagika nyuma ya boti.

Mpangilio huu una hatari mbili ambazo mnunuzi hana budi kuzielewa.

Hatari ya kwanza ni maji kukatika. Pampu ikichakaa, au mfuko wa plastiki ukiziba tundu la kuvutia maji, moshi huendelea kupita ukiwa mkavu na wenye moto. Bomba la mpira na sailensa isiyo ya chuma huweza kuungua kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, king'ora cha kupima joto la bomba la moshi ni kifaa cha kununuliwa pamoja na sailensa, si cha kuahirishwa.

Hatari ya pili ni maji kurudi kwenye injini. Wimbi huweza kuingia kwa nyuma boti ya kasi inapopunguza mwendo ghafla. Kuzungusha injini mara nyingi bila kuwaka hujaza maji katika sailensa, kwa kuwa pampu inavuta na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Aidha, injini za mbio ambazo valvu zake hukaa wazi kwa muda mrefu huweza kunyonya matone ya maji kutoka bombani zinapokwenda polepole. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, konrodi huweza kupinda. Hata yakiwa machache, chumvi yake hutia kutu silinda na valvu kabla ya mwenye boti kugundua lolote.

Hivyo basi, swali la kwanza la kuuliza si “ina sauti gani?” bali “inayazuia vipi maji yasirudi?”. Jibu linapaswa kutaja urefu wa kiwiko juu ya usawa wa maji boti ikiwa imepakia, mteremko wa bomba, na kilango cha mpira au cha chuma kwenye tundu la kutokea.

Aina za sailensa

Sailensa ya mtungi hukaa chini katika chumba cha injini. Maji hukusanyika ndani yake, na msukumo wa moshi huyainua na kuyatoa. Hutuliza sauti vizuri, na hutumika sana kwa injini za dizeli. Huhitaji nafasi, na ndiyo iliyo katika hatari zaidi ya kujaa maji injini isipowaka.

Sailensa ya njiani hufungwa katikati ya bomba, na ndani yake kuna vyumba au vizuizi vinavyovunja mawimbi ya sauti. Hii huonekana sana katika boti za kasi kwa sababu hupitisha moshi mwingi. Ubora wake hutegemea sana ukubwa wake kulinganisha na nguvu ya injini.

Sailensa ya mwisho wa bomba hufungwa nje, kwenye ubao wa tezi. Ni rahisi kuifunga na kuikagua, lakini kwa kawaida hupunguza sauti kidogo kuliko zile mbili za mwanzo. Anayetaka utulivu wa kweli asiitegemee peke yake.

Mfumo wa njia mbili una valvu inayomwezesha nahodha kuchagua moshi utokee chini ya maji au moja kwa moja hewani. Njia ya hewani ikifunguliwa, boti huwa kama haina sailensa. Muuzaji akikuonyesha kipimo cha sauti, mwulize ni cha njia ipi.

Kuna pia mabomba yanayotokea chini ya maji bila kupitia mguu wa rafadha. Huwapunguzia kelele walio ndani ya boti na walio ufukweni, ingawa sauti huingia baharini. Boti ikienda polepole, uzito wa maji huuzuia moshi, kwa hiyo mfumo huu lazima uwe na njia ndogo ya kupumulia juu ya maji.

Msukumo unaorudi kwenye injini

Moshi ukikutana na bomba jembamba, kona nyingi au sailensa ndogo, hushindwa kutoka kwa urahisi na huusukuma nyuma ule unaoufuata. Hali hiyo huitwa mgandamizo wa nyuma. Ukizidi kiasi, injini haifiki mizunguko yake ya juu, joto hupanda, dizeli hutoa moshi mweusi, na valvu pamoja na turbo huchakaa mapema. Mwenye boti huona mafuta yanakwisha haraka na kasi imepungua, akamlaumu fundi wa injini, kumbe kosa liko katika sailensa.

Kila mtengenezaji wa injini huandika katika kitabu chake kiwango cha juu cha mgandamizo kinachoruhusiwa. Mnunuzi akitafute kiwango hicho kabla ya kwenda dukani, kisha amuulize muuzaji sailensa husababisha mgandamizo kiasi gani kwa injini ya nguvu hiyo ikienda kasi yote. Muuzaji anayesema “hii inafaa injini zote” bado hajajibu swali.

Tahadhari nyingine ni ya kipenyo. Bomba la inchi 4 likibadilishwa kwa la inchi 3, tofauti huonekana ndogo kwa macho, lakini eneo la kupitisha moshi hupungua kwa takriban asilimia 44. Usikubali bomba au sailensa yenye mlango mdogo kuliko ule uliowekwa na mtengenezaji wa injini kwa sababu tu “ndiyo iliyopo dukani”.

Baada ya kufunga, fundi apime mgandamizo kwa geji, mahali palipoelekezwa katika kitabu cha injini, boti ikiwa baharini, imepakia mzigo wake wa kawaida na inakwenda kasi yote. Kupima chombo kikiwa kimefungwa gatini na injini ikinguruma polepole hakuthibitishi chochote.

Namna ya kusoma desibeli

Sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ya kawaida. Ongezeko la desibeli 3 ni sawa na kuongeza nishati ya sauti mara mbili. Injini mbili zinazofanana, kila moja ikitoa desibeli 72, hazitoi 144 zikiwashwa pamoja. Hutoa takriban 75. Kwa hiyo tofauti ya desibeli 3 kati ya sailensa mbili si jambo dogo.

Tarakimu ya desibeli haina maana bila umbali na hali ya kipimo. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2013/53 linaweka kikomo cha desibeli 67 kwa boti za starehe zenye injini isiyozidi kilowati 10, desibeli 72 kwa injini ya zaidi ya kilowati 10 hadi 40, na desibeli 75 kwa injini ya zaidi ya kilowati 40, yaani takriban nguvu za farasi 54. Boti yenye injini zaidi ya moja huweza kuongezewa desibeli 3. Majimbo kadhaa ya Marekani hutumia vipimo viwili: desibeli 75 kwa anayesikiliza akiwa ufukweni, na desibeli 88 karibu na boti iliyosimama ikinguruma polepole, ikiwa injini yake imetengenezwa kuanzia mwaka 1993. Injini za kabla ya hapo huruhusiwa desibeli 90.

Vikomo hivi vimewekwa na nchi nyingine na si sheria ya Tanzania. Tunavitaja kwa sababu sailensa nyingi huuzwa zikiwa na maelezo yanayovirejelea, na kwa sababu vinampa mnunuzi mahali pa kuanzia. Akiambiwa sailensa “ina desibeli 75”, aulize: kwa umbali gani, kwa mwendo gani, na kwa injini ya nguvu gani?

Nahodha na mabaharia wake wana sababu ya pekee ya kujali. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani (NIOSH) inapendekeza mtu asifanye kazi katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa desibeli 94 muda ni saa 1. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Safari moja ya kwenda kisiwani na kurudi hupita muda huo. Masikio yaliyoharibiwa na kelele hayaponi, na nahodha asiyesikia vizuri huweza kukosa kusikia ukelele wa aliyeanguka majini.

Gesi isiyoonekana

Sailensa hupunguza sauti, haisafishi moshi. Moshi wa injini, hasa ya petroli, una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Baharini, dalili hizo hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni ulevi wa bahari, na mgonjwa hulazwa palepale nyuma ya boti ambapo gesi ni nyingi.

Wengi huamini kuwa gesi hii haiui mahali penye hewa ya wazi. Nchini Marekani, uchunguzi ulioanza mwaka 2000 katika ziwa Powell, mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona, ulionyesha kuwa watu walipoteza maisha wakiwa nje kabisa, majini au kwenye jukwaa la kuogelea, karibu na mahali moshi ulipotokea.

Boti inapokwenda huweza pia kuvuta moshi wake yenyewe. Hewa hupungua nyuma ya kibanda, na moshi hurudi ndani, hasa pazia la mbele likiwa limefungwa na la nyuma liko wazi, au omo ikiwa imeinuka sana kwa sababu ya mzigo. Kwa hiyo, unapochagua sailensa, angalia moshi utatokea wapi kulinganisha na viti, ngazi na jukwaa la kuogelea. Sailensa tulivu ina udanganyifu wake: mwogeleaji asiposikia injini hudhani imezimwa. Iwe desturi ya chombo chako kwamba hakuna anayekaa kwenye jukwaa la nyuma, kushika ngazi au kuogelea nyuma ya boti injini ikiwa inafanya kazi, hata kama iko taratibu.

Boti yenye kibanda iwe na king'ora cha kaboni monoksaidi kilichotengenezwa kwa matumizi ya boti. Aidha, baadhi ya injini za petroli, hasa za soko la Marekani tangu mwaka 2010, zina kifaa cha kusafisha moshi ndani ya mfumo wa bomba. Fundi asikiondoe kifaa hicho kwa kisingizio cha kufunga sailensa mpya.

Malighafi na ufungaji

Moshi, joto na maji ya chumvi ni mchanganyiko unaokula chuma haraka. Sailensa ya gari au ya lori, hata ikichomelewa kwa ustadi, haikuundwa kubeba maji ya bahari. Hutoboka, na tundu lake humwaga maji na gesi ndani ya chumba cha injini. Kwa bomba lenye maji, chagua faibaglasi, mpira, au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L. Alumini ni nyepesi, lakini ikigusana na chuma cha aina nyingine ndani ya maji ya chumvi huliwa upesi.

Mnunuzi asiye fundi anaweza kukagua mambo manne kwa macho na mikono yake:

1. Bomba la mpira liwe limetengenezwa kwa ajili ya moshi wa boti. Tafuta alama ya SAE J2006 au ISO 13363 iliyopigwa juu yake.

2. Kila mwisho wa bomba la mpira uwe na vibano viwili visivyoshika kutu, si kimoja.

3. Bomba literemke kuelekea nje bila bonde la kutuamisha maji. Kiwango kinachokubalika ni angalau sentimita 4 kwa kila mita, na pima maji ya mwashi inatosha kukuonyesha.

4. Sailensa ishikiliwe na vikamatio vyake yenyewe. Isining'inie kwenye mpira, kwa kuwa mtikiso wa boti ya kasi utauchana.

Kabla na baada ya kulipa

Tuchukue mfano wa mnunuzi anayeuziwa sailensa mbili za boti ya injini moja ya petroli yenye mabomba mawili. Ya kwanza ni ya bei nafuu na haina karatasi. Ya pili ni ghali zaidi, nayo ina maelezo ya kipenyo, nguvu ya injini inayoifaa, mgandamizo na malighafi. Tofauti ya bei ni ya kweli na huuma. Hata hivyo, alinganishe tofauti hiyo na gharama ya kufungua injini iliyoingia maji ya chumvi, si na bei ya sailensa nyingine. Akishindwa kumudu ya pili kwa sasa, ni heri abaki na ile iliyokuja na boti, iwapo bado ni nzima, kuliko kufunga isiyojulikana.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania Bara (Sura ya 214) humlinda mnunuzi aliyemjulisha muuzaji kusudi la bidhaa na kutegemea utaalamu wake. Kwa hiyo, usiagize kwa kutaja jina la chapa pekee. Andika barua fupi au ujumbe wa simu unaotaja aina ya injini, nguvu yake, kipenyo cha bomba na kazi ya boti, kisha umwombe muuzaji akupendekezee. Hifadhi ujumbe huo pamoja na majibu yake. Dai risiti ya EFD inayotaja jina kamili la kifaa, na si neno “vipuri” peke yake. Dhamana iandikwe: ni ya muda gani, inahusu nini, na nani atalipa gharama ya kufungua na kufunga upya kifaa kikiwa kibovu.

Malipo ya fundi yagawanywe, sehemu ya mwisho itolewe baada ya jaribio la baharini na kipimo cha mgandamizo. Ikiwa boti yako hubeba abiria, mjulishe mkaguzi wa chombo kuhusu badiliko hilo: kwa Tanzania Bara ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar (ZMA).

Baada ya safari ya kwanza, fungua chumba cha injini, papasa kila kiungo kikiwa kimepoa, na utazame kama kuna maji, masizi au chumvi iliyoganda. Alama hizo huonyesha panapovuja. Rudia ukaguzi huo kila mwezi, na usimruhusu yeyote kupanda boti hiyo mpaka palipovuja pamezibwa.